Fahamu: Korasi na vibrato, tofauti iko wapi?

Pale Ankoro, mkoani Tanganyika nchini Kongo (DRC), mto Luvua humwaga maji yake katika mto Lualaba na mto unaoendelea huwa mnene zaidi. Korasi hufanya hivyo kwa sauti. Sisemi kiitikio cha wimbo, bali madoido ya studio: mashine hunakili sauti ya gitaa, huichelewesha kwa milisekunde 20 hivi, huiyumbisha juu na chini kidogo, kisha huirudisha kando ya sauti ya asili. Sikio hudhani magitaa ni mawili.

Vibrato ni nakala hiyo hiyo inayoyumba, ila sauti ya asili imeondolewa. Hubaki noti moja inayotetemeka, kama ya mpigaji anayetikisa kidole juu ya waya. Ndiyo maana kifaa cha Boss CE-1 cha mwaka 1976 kilibeba yote mawili.

Rumba ya Kongo, iliyoingia orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, ilipata unene wake kwa watu wenyewe: gitaa la solo, la kusindikiza, na la mi-solo lililo kati ya hayo mawili. Kwa sebene, sehemu ya wimbo ya kucheza inayoongozwa na magitaa, korasi kidogo yatosha; vibrato ikizidi, magitaa yanasikika kama hayajatuniwa.

Jaribu mwenyewe: punguza sauti ya asili hadi sifuri, na korasi yako itageuka vibrato.