Linux Kasongo: njia ipi ya kuweka programu inakula mega chache?

Anayenunua mega za intaneti Kasongo au Kabambare analipia kila kinachoshuka, hata faili ambayo mwishowe itakataa kufunguka. Kwenye Linux, kukataa huko kuna sura yake. Programu imeshuka yote, umeipa ruhusa ya kuendeshwa, umebonyeza, na terminali inakujibu kwa mstari mmoja kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana. Mega zimekwenda na kazi haijaanza. Ndiyo maana huku kwetu Wamaza haitoshi kuuliza programu gani ni nzuri. Inabidi kuuliza pia inakuja kwa njia gani na inadai nini kwenye mashine.

Kinachodaiwa ni maktaba. Programu nyingi za Linux hazibebi kila kitu zenyewe; kazi za kawaida, kama kufungua faili au kusoma saa, huziazima kutoka maktaba za pamoja zilizomo ndani ya mfumo. Inayoazimwa kuliko zote ni glibc. Kila kazi iliyomo ndani yake ina alama ya toleo. Programu ya zamani kwa kawaida hufunguka kwenye glibc mpya, ila iliyojengwa juu ya glibc mpya mara nyingi hugoma kwenye ya zamani. Kati ya mifumo ya Linux, Ubuntu 20.04 na Debian 11 zina glibc 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, na Debian 12 ina 2.36. Mpaka mkali ni 2.34, iliyotoka Agosti 2021, kwa sababu hapo kazi inayoanzisha programu ilipewa alama mpya. Hata programu ya mistari mitatu, ikijengwa kwa njia ya kawaida kwenye Ubuntu 22.04, haitafunguka kwenye 20.04. Nguvu ya mashine haihusiki kabisa.

Basi kabla ya kushusha chochote, andika ldd --version. Mstari wa kwanza utakuonyesha glibc yako. Kisha andika uname -m. Jibu likiwa x86_64, mfumo ni wa biti 64. Likiwa i686, ni wa biti 32, na faili nyingi za siku hizi hazikufai. Amri hizi mbili hazili mega hata moja.

Tuchukue Kiwix, programu inayofungua Wikipedia bila intaneti. Ina faida ya wazi mahali ambapo mtandao ni ghali, tena inapatikana karibu kwa kila njia: kwenye ghala la Debian, kama AppImage, kama Flatpak, na kama kiwix-serve inayojitegemea. Makala zenyewe hukaa kwenye faili za ZIM, ambazo ni zilezile kwa njia zote. Wikipedia nzima ya Kifaransa yenye picha inapita gigabaiti 30, na hiyo afadhali ije kwenye diski na mtu anayetoka Kindu au Bukavu. Tunacholinganisha hapa ni programu tu.

Ghala la mfumo wako ndilo rahisi kuliko yote. Linakuletea programu pamoja na maktaba zinazokosekana, na zote zimejengwa kuendana na glibc uliyo nayo. Unacholipa ni umri: Debian haikimbilii matoleo mapya. Kwa kuandika barua, kupiga hesabu na kusoma, sioni hasara hapo. Tena kuna akiba ambayo mwenye sekreteria anaweza kuipoteza bila kujua. Ukisakinisha kwa apt-get, paketi zilizoshushwa hubaki kwenye folda /var/cache/apt/archives. Ukitumia apt peke yake, kwa kawaida zinafutwa mara usakinishaji unapokwisha. Mwenye mashine sita za Debian 12 zilizowekwa namna moja atumie apt-get kwenye ya kwanza, anakili paketi hizo kwenye flashi, kisha azisakinishe kwenye tano zilizobaki kwa dpkg -i. Amelipa mara moja kwa mashine sita. Lakini mashine zikiwa zimewekwa tofauti, huenda paketi fulani zikakosekana, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa nazo tayari.

AppImage ni faili moja. Inabebeka kwenye flashi, haisakinishwi, na uzito wake unatokana na maktaba ilizobeba. Ila glibc kwa kawaida haimo, kwa hiyo iliyojengwa ovyo itakupa ujumbe uleule wa mwanzo. Tena nyingi zinahitaji libfuse2, ambayo Ubuntu tangu 22.04 haiji nayo. Kabla ya kununua mega za kuitafuta, iendeshe faili hiyo ukiongeza --appimage-extract-and-run. Itajifungua kwenye folda ya muda na kufanya kazi.

Flatpak ndiyo dawa ya kweli kwa mashine ya zamani, maana inakuja na msingi wake, glibc ikiwemo. Mashine ya Ubuntu 20.04 itafungua programu inayodai 2.34 bila ugomvi. Bei yake inauma mwanzoni: programu ya kwanza inavuta msingi wa mamia ya megabaiti. Ya pili ikitumia msingi huohuo, inashuka nyepesi. Ikitaka msingi mwingine, unalipa tena. Kwa programu moja tu siishauri. Kwa chumba cha mashine za shule ni habari nyingine, kwa sababu amri ya flatpak create-usb inanakili programu na msingi wake kwenye flashi.

Snap nayo inabeba msingi, lakini inajisasisha yenyewe: huangalia matoleo mapya mara nne kwa siku, na ikiyakuta inayashusha. Kwa anayelipia kila mega, hilo ni tatizo kubwa. Firefox ya Ubuntu 22.04 inakuja kama Snap, kwa hiyo hata ambaye hakuchagua kitu yumo tayari. Aandike snap refresh --hold, kisha asasishe siku anayotaka mwenyewe.

Kwa shule ningeanza na kiwix-serve. Maktaba zake zimeunganishwa ndani ya faili yenyewe, na mashine moja inatosha. Nyingine, pamoja na simu za wanafunzi, zinasoma kupitia Wi-Fi ya chumbani bila mega.

Njia moja ikataliwe kabisa. Fundi akikwambia, «Papa, nitakuletea libc mpya kwenye flashi, nitaibadilisha mara moja,» mzuie. Karibu kila kitu kwenye mfumo kinaitegemea faili hiyo, hata amri ndogo ya ls, na mashine inaweza isiwake tena.

Ninalowaomba vijana wanaoandika programu kwa ajili ya maduka na vituo vya afya vya huku ni hili: jengeni ndani ya kontena ya Debian 11, hata kama mashine yenu ina mfumo mpya. Kisha, kabla ya kuigawa, pitisheni faili kwenye objdump -T na mtazame alama ya juu kabisa ya GLIBC. Ikizidi 2.31, kuna mtu Kabambare atakayelipia mega za bure.