Chagua Mzizi Mwenyewe

Toa swichi mpya kwenye boksi, iwashe, uangalie ndani ya mipangilio yake: utakuta namba 32768. Swichi iliyo pembeni yake ina namba hiyo hiyo, na ile iliyofungwa stoo miaka mingi iliyopita nayo inayo. Hiyo ni namba ya kipaumbele, inayotumika swichi zinapochagua kiongozi wao, na yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo inayoshinda. Zikilingana, mshindi huamuliwa kwa anwani ya MAC ambayo kila kifaa hupewa kiwandani. Kwa kuwa watengenezaji hutoa anwani hizo kwa mafungu yanayokwenda yakipanda, mara nyingi anwani ndogo huwa ya kifaa kikongwe. Ndipo ofisi inanunua swichi kuu ya fedha nyingi, inaiweka kwenye chumba chenye kiyoyozi, na bado mtandao mzima unaongozwa na kiswichi kilichojaa vumbi nyuma ya kabati la mafaili.

Ningependa kila anayesimamia mtandao, hata wa shule au zahanati, alielewe jambo hili, kwa sababu madhara yake ni makubwa na tiba yake ni mstari mmoja wa amri.

Swichi zinahitaji kiongozi kwa sababu ya njia za akiba. Unganisha swichi mbili kuu, kisha ya tatu uiunganishe na zote mbili: waya mmoja ukikatika, kazi zinaendelea. Lakini pembetatu hiyo ni mzunguko, na Etheneti haina kinga yake yenyewe dhidi ya mzunguko. Pakiti ya IP hubeba hesabu inayopungua kila inapopita kwenye ruta, na hesabu ikifika sifuri pakiti hutupwa. Fremu ya Etheneti haina hesabu hiyo. Kompyuta ikitoa tangazo kwa wote, tuseme inaulizia printa, kila swichi hulirudia kwenye kila poti isipokuwa ile lilikoingilia. Ni kama uvumi katika mtaa ambao kila anayesikia humpasha kila jirani na hakuna anayeuliza nani ameshaambiwa. Tangazo huzunguka pande zote mbili bila kukoma, na mengine huongezeka juu yake. Ndani ya sekunde chache nyaya zimejaa, taa zote za swichi zinamulika bila kupumzika, na hakuna anayefungua hata barua pepe. Chanzo kinaweza kuwa kidogo sana: mtu amekuta waya unaning'inia kwenye meza ya mikutano, akadhani umechomoka, akauchomeka ukutani, kumbe ncha ya pili nayo iko ukutani.

Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, alibuni njia ya kulimaliza tatizo hili bila kuondoa waya hata mmoja. Taasisi ya wahandisi ya IEEE iliifanya kuwa kiwango, 802.1D, mwaka 1990. Itifaki hiyo, STP, huziba baadhi ya poti hadi njia zilizobaki wazi zichukue umbo la mti, ambamo kutoka kwenye mzizi, yaani yule kiongozi, kuna njia moja tu ya kufika kila tawi. Njia iliyo wazi ikikatika, poti iliyozibwa hufunguliwa.

Kazi hiyo hufanyika kwa ujumbe mfupi uitwao BPDU, unaotumwa kila baada ya sekunde 2. Mwanzoni kila swichi hujitangaza kuwa ndiyo mzizi; ikisikia yenye namba ndogo kuliko yake, inaacha madai yake na kuanza kupitisha habari za ile. Mzizi ukishajulikana, kila swichi hujumlisha gharama ya njia za kuufikia. Kwa kipimo cha zamani, ambacho bado kimeenea, waya wa gigabiti 1 unagharimu 4 na wa megabiti 100 unagharimu 19. Jumla ndogo ndiyo inayobaki wazi.

Sasa rudi kwenye pembetatu yetu. Swichi kuu mbili zimeunganishwa kwa gigabiti 1, na kiswichi kikongwe kimeunganishwa na kila moja kwa megabiti 100. Kiswichi hicho kikishinda, kila swichi kuu inakifikia moja kwa moja kwa gharama ya 19, au kwa kupitia mwenzake kwa 23. Zote zinachagua 19. Matokeo yake, waya unaozibwa ni ule wa gigabiti, ulio bora kuliko zote, na kila kinachotoka swichi kuu moja kwenda nyingine kinabanwa kupitia kwa mkongwe. Itifaki haijakosea hesabu. Ilipewa mzizi mbaya, ikaanzia hapo.

Kwa hiyo chagua mzizi mwenyewe: swichi iliyo katikati, yenye nguvu, yenye umeme wa uhakika. Kwenye vifaa vya Cisco, kwa mtandao pepe (VLAN) namba 10, amri ni spanning-tree vlan 10 priority 4096; swichi ya akiba ipewe 8192. Kipaumbele hupanda kwa hatua za 4096 kwa sababu kati ya biti 16 za sehemu hiyo, 4 tu ndizo za kipaumbele, na 12 zilizobaki hubeba namba ya mtandao pepe. Wako mafundi wanaoweka 0. Mimi napendelea 4096, kwani siku ya kubadilisha swichi kuu utahitaji nafasi ya kuingiza mpya chini yake. Hakikisha pia kwamba itifaki imewashwa, maana ziko swichi zinazotoka kiwandani ikiwa imezimwa.

Yaliyoipata hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, Novemba 2002, ni somo ambalo kila fundi angepaswa kulijua. Mtandao wake ulikuwa umekua kwa kuunganishwa kipande kwa kipande, hadi ukapita urefu ambao STP inaumudu: nyakati zake za kawaida zimepigiwa hesabu ya swichi 7 kutoka ncha moja hadi nyingine. Programu ya mtafiti mmoja ilipomwaga data nyingi, mti ukavurugika, na kwa takriban siku nne madaktari na wauguzi wakarudi kwenye karatasi, majibu ya maabara yakibebwa kwa mikono. John Halamka, aliyekuwa mkuu wa teknolojia ya habari pale, aliyaeleza yote hadharani. Namheshimu kwa hilo, kwa sababu taasisi nyingi huficha mambo kama hayo na wengine hawajifunzi.

Kwenye STP ya zamani, poti huchukua sekunde 30 kabla ya kupitisha data, na njia ikikatika mtandao unaweza kungoja hadi 50. Toleo la haraka, RSTP, lililotoka mwaka 2001, kwa kawaida humaliza ndani ya sekunde chache au pungufu. Litumie.

Poti zinazokwenda kwenye kompyuta ziwekee portfast, zianze kazi papo hapo. Bila hivyo, kila kompyuta inapowashwa swichi hudhani umbo la mtandao limebadilika, na huharakisha kufuta kumbukumbu za nani yuko poti gani. Pamoja nayo weka bpduguard, inayofunga poti mara tu BPDU inapoingia mahali panapotarajiwa kompyuta. Yule wa meza ya mikutano atafungiwa poti yake peke yake, na jengo zima litaendelea na kazi. Kuweka portfast bila bpduguard ni kuacha mlango wazi, na sioni sababu ya kufanya hivyo popote.

Ukimaliza, jaribu. Usiku, watu wakiwa wameondoka, andika show spanning-tree uone kama mzizi ni ule uliouchagua. Chomoa waya mmoja kati ya swichi kuu na uhesabu sekunde zinazopotea. Kisha chora ramani ya mtandao, utie alama kwenye poti iliyozibwa, na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Kwenye baadhi ya swichi poti hiyo huwaka taa ya rangi ya machungwa, na fundi wa zamu asiyejua atadhani imeharibika, ahamishe waya.