Kifaa Pekee Hakitoshi: Huduma za Umma kwa Viziwi Tanzania

Usikivu hupimwa kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni ulemavu pale upotevu wake unapozidi desibeli 35 katika sikio lenye nafuu. Mwaka 2021 shirika hilo lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani walihitaji huduma za utengamao kwa sababu hiyo, na kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na mambo yanayozuilika, yakiwemo surua, homa ya uti wa mgongo na masikio yanayotoka usaha bila kutibiwa.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, huduma ambayo awali Serikali iliwapeleka wagonjwa kuifuata nje ya nchi, hususan India. Tofauti na shimesikio, ambalo hukuza sauti kwa ajili ya sikio lililobakiwa na usikivu, kifaa cha kupandikizwa huigeuza sauti kuwa mawimbi ya umeme, yakafika kwenye mshipa wa fahamu kupitia nyaya zilizolazwa ndani ya koklea, yaani mrija wa sikio la ndani uliojisokota kama konokono. Hata hivyo, ubongo hauyapokei mawimbi hayo kama maneno tangu siku ya kwanza. Mtoto hufundishwa kuyatambua kwa muda mrefu, na kadiri anavyocheleweshwa ndivyo uwezo wake wa kujifunza lugha kwa kusikia unavyopungua.

Kwa kuwa upasuaji haumfai kila kiziwi wala haumfikii kila anayeuhitaji, sehemu kubwa ya msaada hutegemea huduma za jamii. Elimu ya viziwi ilianzia Tabora mwaka 1963, ikafuatiwa na shule ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu, na halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa kundi hilo.

Haki hizo hupita katika mazungumzo: kiziwi humweleza daktari maumivu yake, hujibu maswali ya usaili na huelewa masharti ya mkopo kabla ya kutia saini. Pasipo mkalimani wa lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake, huduma iliyolipiwa na Serikali huishia mlangoni. Ndiyo maana bajeti ya usikivu haina budi kugharimia chanjo na tiba ya masikio katika zahanati, upimaji wa watoto wachanga, walimu na wakalimani pamoja na vifaa, kwani kila hatua inayorukwa huipunguzia thamani ile inayofuata.