Jicho Kabla ya Mguu

Mtazamaji aendaye kiwanjani kutazama kabumbu hulifuata gozi kwa macho tangu filimbi ya kwanza hata ya mwisho, na kwa kuwa macho yake hayaachani na mpira, huwasifu wachezaji kwa yale wayatendayo wakiwa nao: chenga, shuti, na pasi ndefu inayovuka uwanja ikatua mguuni mwa mwenzi. Walakini katika dakika 90 za mchezo kila mchezaji huwa na mpira mguuni kwa dakika chache mno, na amali aifanyayo katika muda wote uliosalia, yaani kutazama, kupima, kukumbuka na kukata shauri, ndiyo iamuayo kama zile dakika chache zitaleta faida au hasara. Amali hiyo ni ya akili, na akili hufundishika kama mguu ufundishikavyo, kwa sharti kwamba zoezi limlazimishe mchezaji kuona na kuchagua mwenyewe, wala si kutii ishara.

Mtaalamu Geir Jordet, wa chuo kikuu cha michezo cha Norway mjini Oslo, alikusanya picha za viungo na washambuliaji 118 wa Ligi Kuu ya Uingereza katika mechi 64, picha zilizomwandama mchezaji mmoja mmoja badala ya kuuandama mpira, akahesabu ni mara ngapi kila mmoja aliuondoa uso wake kwenye mpira ili atazame yaliyo nyuma na kandoni mwake katika sekunde za mwisho kabla ya kupokea pasi. Alipoyatangaza matokeo mwaka 2013 ilidhihirika kwamba Frank Lampard wa Chelsea, kiungo aliyefunga mabao 177 katika ligi hiyo, alikuwa miongoni mwa waliotazama mara nyingi kupita wote: mara 0.62 kwa kila sekunde, yaani zaidi ya mara sita katika sekunde 10. Ilidhihirika vilevile kwamba wale waliotazama sana ndio ambao pasi zao aghalabu ziliwafikia wenzao.

Sababu yake haina uficho. Aliyekwisha kutazama hujua alipo beki na ulipo mwanya, akaupokea mpira mwili wake umeshageuka nusu kuelekea anakotaka kwenda. Ilhali asiyetazama huupokea kwanza, ndipo akainua kichwa, na kichwa kinapoinuka adui ameshawasili. Basi ule wepesi tunaoushangilia kwa viungo wakubwa aghalabu si wepesi wa miguu, bali ni kutangulia kujua. Xavi Hernández wa Barcelona, mtu wa kimo cha mita 1.70 asiyesifika kwa mbio wala kwa nguvu za mabega, aliitawala safu ya kati ya Hispania kwa sababu shingo yake haikutulia.

Kutangulia kujua kuna upande wa pili, nao ni kuusoma mwili wa mwenzako kama nahodha aisomavyo mbingu kabla pepo hazijageuka. Mwaka 2011 Cristiano Ronaldo alijaribiwa katika filamu ya utafiti: alipigiwa krosi ukumbini, na taa zikazimwa mpira ukiwa bado hewani, hata akabaki gizani; naye akaufunga. Kisha taa zikazimwa mguu wa mpigaji ulipougusa tu mpira, naye akafunga tena. Macho yake hayakuuona mpira ukija. Aliyoyaona ni bega, nyonga na mguu wa mpigaji, na kutokana na hayo akili yake, iliyokwisha kuona krosi zisizo na idadi, ikakadiria mahali na wakati. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani ila kwa kucheza na watu.

Klabu tajiri za Ulaya zimejaribu kuyatafuta kwa mashine. Borussia Dortmund ya Ujerumani iliweka katika makao yake ya mazoezi chumba kiitwacho Footbonaut, kilichobuniwa na Christian Güttler wa Berlin, chumba cha mraba chenye upande wa mita 14, ambacho kuta zake zimegawanywa katika miraba 72. Mchezaji husimama katikati. Mlio na taa humwarifu upande utokako mpira, na taa nyingine humwonyesha mraba anaopaswa kuupeleka. Mario Götze, aliyelelewa katika klabu hiyo, alifanya mazoezi humo, na tarehe 13 Julai 2014, katika dakika ya 113 ya fainali ya Kombe la Dunia, aliutuliza kwa kifua mpira wa André Schürrle na kuupiga kwa mguu wa kushoto kabla haujagusa nyasi, Ujerumani ikaishinda Argentina 1-0. Wapo walioinasibisha heba ya bao lile na chumba kile. Kwa kutuliza mpira na kuupeleka upesi, chumba hicho kina manufaa. Lakini ndani yake hamna adui, hamna mwenzi anayekimbilia mwanya, na zaidi ya yote hamna hiari, kwa kuwa taa imeshakata shauri na mchezaji hutekeleza tu.

Wengine wametafuta hata nje ya mpira. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha mwaka 2012 kwamba wachezaji wa ligi ya juu ya Sweden waliwashinda wa ligi za chini katika majaribio ya karatasi yanayopima wepesi wa kubuni na kubadili fikira, na kwamba walioshinda majaribio walifunga na kusaidia mabao zaidi baadaye. Huko Montreal, mwaka 2016, kikundi kidogo cha wachezaji waliofundishwa kuandama kwa macho mipira kadhaa inayozunguka katika kioo kiliboresha uamuzi wa pasi uwanjani. Hayo ni ya kutia moyo, lakini yasitutoe katika hadhari. Mwaka huo huo wa 2016 wanasaikolojia walioongozwa na Daniel Simons walipitia tafiti nyingi za michezo ya kunoa akili, wakakuta kwamba mtu huwa hodari katika mchezo ule ule alioufanyia mazoezi, na ushahidi wa uhodari huo kuenea kwenye mambo mengine ni haba. Zamani, mwaka 1973, wanasaikolojia Chase na Simon wa Marekani walikwisha kuonyesha kwamba bingwa wa sataranji hukumbuka kwa ajabu mpangilio wa mchezo wa kweli, ila kete zikitapanywa ovyo, ubora wake hutoweka. Akili ya bingwa imefumwa pamoja na kazi yake.

Kwa hiyo zoezi bora la akili ya mchezaji ni lile lenye mpira, wenzi na wapinzani. Barcelona imelelea vijana wake kwa mduara: wanne au watano pembezoni, wawili katikati wakiwinda, mguso mmoja au miwili, na aliyepoteza huingia kati. Mwalimu asiye na fedha anaweza kuongeza mengine: ainue vidole nyuma ya mpokeaji, naye avitaje kabla mpira haujamfikia, awavike fulana za rangi tatu na kuamuru kwamba pasi isirudi kwa rangi ile ile, aweke milango minne badala ya magoli mawili, ili kila shambulio liwe na zaidi ya njia moja. Na mazoezi hayo yawe mafupi, wachezaji wakiwa bado wabichi, kwa sababu akili iliyochoka hujifunza makosa.

Vijana wetu wanaocheza chandimu katika vichochoro wameshaianza elimu hii bila ya mwalimu, kwani pale nafasi ni finyu na ukuta ni mpinzani. Elimu hiyo huharibika wanapofika kwa mwalimu anayepiga kelele kandoni, “Toa! Piga! Rudisha!”, hata kijana akaacha kutazama na kubaki kusikiliza. Nawasihi walimu wa timu za vijana wapunguze amri na waongeze maswali: uliona nini, na kwa nini ulichagua hivyo? Na kabla ya kupuliza filimbi kila mwalimu ajiulize ni nani akataye shauri katika zoezi hili. Ikiwa jawabu ni mwalimu mwenyewe, zoezi hilo halijaifikia akili ya mchezaji, na halina budi kubadilishwa.