Mjusi wa Tendaguru, Jamaa wa Kuku

Mtoto wa miaka sita akisimama chini ya mifupa ile ya dinosaria, katika makumbusho ya historia asilia jijini Berlin, kiwiko cha mguu wa mbele wa mnyama kinampita kwa mbali. Anarudi nyuma, anakunja shingo, maana kichwa kiko zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Halafu: "Mama, huyu alitoka wapi?"

Lindi. Kwenye kilima cha Tendaguru, ambako mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler aliona mfupa mkubwa umechomoza ardhini. Vitabu husema Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913. Haya, walichimba, lakini majembe yalishikwa na mamia ya wenyeji, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Barabara ya gari haikuwepo. Mifupa ilifungashwa, ikatwikwa vichwani na mabegani, ikaenda siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, msafara baada ya msafara, mpaka zikatimia zaidi ya tani 200.

Wanasayansi humwita Giraffatitan, yaani twiga jitu, na kweli miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Ila twiga hucheua. Huyu, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, alikwanyua majani ya juu na kuyameza bila kutafuna. Kazi iliyobaki ilikuwa ya tumbo. Nyumbani tumezoea kumwita mjusi, nami sina ugomvi na jina hilo, japo ndugu zake waliobaki hai ni ndege. Mwambie mtoto kwamba kuku wa jana jioni ni jamaa wa huyu, uone atakavyokukodolea macho.

Usimfiche na hili: mifupa ile si ya mnyama mmoja. Iliunganishwa kutoka kwa kadhaa, ikasimamishwa mwaka 1937, na fuvu lililo huko juu ni nakala.

Boheti naye alipata mnyama wake. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa kilima hichohicho, mwenye shingo ndefu vilevile, alipewa jina la Australodocus bohetii. Mwandikie mtoto jina hilo kwenye karatasi. Atalisoma polepole, afike mwisho, aulize kwa nini umeweka i mbili.