Tusiwatwike Akina Mama Lawama ya Jeni

Elimu ya epijenetiki imeanza kuingia katika mazungumzo ya watu, nami naihofia namna inavyoingia. Mwananchi huambiwa kwamba mama akila vibaya au akihuzunika wakati wa ujauzito, huziharibu jeni za mwanawe milele. Kauli hiyo si ya kweli, tena ni ya hatari.

Maandishi ya jeni yanabaki yaleyale. Kinachobadilika ni alama za kikemia zinazobandikwa juu yake, ambazo husaidia kuamua jeni ipi itumike na ipi inyamaze. Aliyesoma chuoni herufi za Kiarabu ataelewa upesi: herufi ni ileile, lakini irabu ndiyo imwongozayo msomaji. (Mfano huu una upungufu wake, maana alama za mwilini nyingine hufutika umri ukisonga.)

Tuitazame Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula kufika magharibi mwa nchi hiyo. Posho ya mtu mzima ilishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watu wapatao 20,000 wakafa. Mnamo 2008, Bastiaan Heijmans na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima watu 60 ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ile, wakiwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja ambao haikuwakuta. Katika jeni iitwayo IGF2, alama za methili zilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 5. Wale ambao njaa iliwakuta mimba ikiwa pevu hawakuonyesha tofauti hiyo.

Asilimia 5 hiyo ni wastani wa kundi. Hakuna daktari awezaye kuitumia kumbashiria mtu mmoja maradhi. Na je, njaa ile waliileta akina mama waliochemsha mizizi ya maua ya tulipu wapate cha kula?

Mwaka 2014, Sarah Richardson na wenzake walionya katika jarida la Nature dhidi ya kuwalaumu akina mama kwa utafiti wa aina hii, huku akina baba na hali ya maisha wakisahauliwa. Humu nchini, mjamzito afikapo kliniki na kupewa tembe za madini ya chuma na foliki, hutendewa haki. Lakini akiulizwa kwa ukali mbona hakula nyama na mboga, mbona haulizwi bei ya unga? Mtangazaji wa redio atakayelizungumzia jambo hili na aanzie hapo dukani, kisha ndipo afike kwenye jeni.