Je, Wajua? Pandikizi la Mpiga Piano Kutoka Brooklyn

Je, wajua kwamba Kiswahili kiliingia kwenye santuri ya jazz huko New York mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza? Mwenye kazi hiyo ni Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, na santuri yenyewe inaitwa *Uhuru Afrika*. Mwaka huohuo nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru!

Na kwa nini Kiswahili? Weston aliwaendea wanadiplomasia wa Kiafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, akawauliza lugha gani inafaa kulisemea bara zima. Wakamjibu: Kiswahili! Tembea kifua mbele, ndugu yangu.

Wajua maneno ya santuri hiyo yaliandikwa na nani? Langston Hughes, mshairi mashuhuri wa Harlem! Na aliyeyasoma kwa Kiswahili ni mwana wa Tanganyika, Tuntemeke Sanga. Tazama na majina ya vipande vyake: "Uhuru Kwanza", "Bantu", "Kucheza Blues". Hapo unamhitaji mkalimani wa nini?

Unadhani walikuwa wanamuziki wangapi? Zaidi ya 20! Babatunde Olatunji wa Nigeria na ngoma zake, Candido wa Cuba na konga zake, Freddie Hubbard na tarumbeta yake, Max Roach na dramu zake. Ngoma za pande mbili za Atlantiki zikakutana studio moja.

Hili nalo lisikupite: serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Jeshi wanalo, polisi wanao, magereza wanayo, na bado wakaogopa muziki!

Je, wajua Weston alikuwa na urefu gani? Mita 2 na sentimita 3! Akikaa kwenye piano, piano ilionekana kama dawati la mtoto wa chekechea. Akatunga hata kibao kuhusu dunia inavyoonekana kutoka juu huko, akakiita "Hi-Fly", na wanajazz wengi wakakipiga baada yake.

Nani alimtia Afrika moyoni? Baba yake, Frank, mzaliwa wa Panama mwenye asili ya Jamaika, mwenye mgahawa na mfuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa Waafrika. Alimwambia mwanawe waziwazi kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Mtoto akazeeka akiwa bado anayarudia maneno ya baba!

Unajua kwamba kabla ya umaarufu Weston alikuwa askari? Alivaa magwanda ya jeshi la Marekani hadi Okinawa, Japani, kisha akarudi Brooklyn kusimamia mgahawa wa baba. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1954, naye ana miaka 28. Mwaka uliofuata jarida la *Down Beat* likamtaja kuwa nyota mpya wa piano!

Wanawe nao hawakusahauliwa. Niles alitungiwa "Little Niles" na Pamela akatungiwa "Pam's Waltz". Niles akakua, akajiita Azzedin, akawa mpiga ngoma wa baba yake!

Sasa shika hapa: mwaka 1967 Weston alizunguka nchi 14 za Afrika na bendi yake, kwa gharama ya serikali ya Marekani. Safari ikaishia Moroko, naye moyo ukabaki hukohuko. Akahamia, akafungua klabu ya muziki mjini Tangier, akaiita African Rhythms!

Huko Moroko alikutana na nani? Wagnawa, watu ambao mababu zao walichukuliwa kutoka kusini mwa Sahara. Chombo chao ni guembri: nyuzi 3 tu, kisanduku cha mti kilichowambwa ngozi ya ngamia, na mlio mzito unaoingia kifuani. Weston akausikia humo mzizi wa blues, na kwa miaka mingi akapanda jukwaani na Wagnawa!

Je, wamjua Melba Liston? Mama huyu, mpiga tromboni hodari, ndiye aliyempangia Weston muziki wa bendi kubwa, *Uhuru Afrika* ikiwemo. Mwaka 1985 alipata kiharusi, hakuweza tena kupuliza. Akakamata kompyuta, akaendelea kupanga muziki!

Unaweza kurekodi albamu ngapi kwa siku 3? Weston alirekodi 3! Ilikuwa Juni 1989: mbili kwa heshima ya magwiji wa jazz, moja ya Thelonious Monk na moja ya Duke Ellington, na moja ya nyimbo zake mwenyewe.

Maktaba mpya ya Alexandria ilipofunguliwa Misri mwaka 2002, alikuwepo pia, yeye na Wagnawa wake. Piano na guembri, nyumbani kwa vitabu!

Na unajua alistaafu lini? Hakustaafu! Mwaka 2017, akiwa na miaka 90, alitoa *African Nubian Suite*, kazi ndefu inayosimulia safari ya binadamu kuanzia Afrika. Alifariki dunia Septemba 2018 akiwa na miaka 92, na nyaraka zake zinatunzwa Chuo Kikuu cha Harvard. Ukifika huko, piga hodi uulize ya Weston!